Mwaka Ule wa Kifua cha Naomi

Tulipomaliza kumzika Nkambo Ngoie, bibi yake Naomi, tulirudi kukaa matanga katika nyumba ya yaya Adèle, dada yangu mkubwa, pale mtaa wa Panda mjini Likasi, na wanawake wakaanza kumgawana marehemu kama kawaida. Huyu akachukua ukarimu wake, yule akachukua sauti yake ya kanisani, mwingine akadai ni yeye peke yake aliyefundishwa na Nkambo namna ya kukausha samaki bila kuwaalika nzi. Mimi nilikuwa kwenye kona na sahani ya bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, nikila kwa bidii, maana huzuni yangu hushukia tumboni. Ndipo Mama Gode, jirani wa miaka yote, akapaza sauti: "Munasema tu, lakini Nkambo alipendaka Sera kupita bote. Juu ya nini? Juu ya usafi! Ule mwaka mutoto Naomi alikuwa na kifua, huyu Sera alifagiaka nyumba mpaka ungemwanga bukari chini na kula." Wote wakaitikia, eee, ni kweli. Naomi mwenyewe, ambaye leo ni mwanamke mzima mwenye watoto wawili na kicheko cha kupasua bati, alinitazama akainamisha uso. Nikarudisha tonge kwenye sahani. Waliojua ukweli wa ule usafi wangu tulikuwa watatu, na mmoja tulikuwa tumetoka kumfukia. Yaya Adèle, mwenye nyumba, mama mzazi wa mtoto, hajui hata leo. Yaya, utasoma hapa. Kaa kwanza.

Nilikuwa na miaka ishirini. Yaya alikuwa akipika chakula cha kuwauzia wachimbaji kule Kakanda, anaondoka Jumatatu alfajiri na kurudi Jumamosi jioni akinuka moshi na maharage. Mume wake alikuwa kazini Kolwezi, mtu wa barua nyingi na safari chache. Kwa hiyo mapatano yetu yalikuwa haya: mimi nimlee Naomi, aliyekuwa na miaka saba, nimpeleke shule asubuhi, nimpikie, nimwogeshe, na saa kumi na moja jioni nimwache kwa Mama Gode, nikimbilie shule ya jioni. Ile shule ilikuwa ya watu wazima tulioachia masomo njiani. Tulikaa kwenye mabenchi ya watoto, magoti yakigusa masikio. Mbele yangu alikuwa fundi matofali mwenye mgongo mpana hivi kwamba nusu ya jiografia ya dunia sikuiona. Nilisoma Ulaya bila Uhispania mwaka mzima. Lakini nilikuwa nikiipenda shule hiyo kuliko wali wa Krismasi. Kila jioni nilipopita mlango ule nikiwa na daftari kwapani, nilijiona nimekuwa waziri. Wenzangu wa zamani walikuwa wameolewa. Mimi nilikuwa nimeposwa na kitabu cha biolojia.

Kifua kilianza mvua zilipokuwa zikimalizika, karibu na Pasaka. Mtu wa Likasi anaujua wakati huo. Majani yamezidi kimo cha watu, yamezunguka kambi ya wafanyakazi tulimoishi na kufuata reli, na yote yametoa vichwa vyao vya maua, laini, vya rangi ya dhahabu na zambarau, vikiinama pamoja upepo ukipita. Picha nzuri sana kwa mtu mwenye pua ya mbao. Naomi alianza na chafya. Nasema chafya, lakini zilikuwa mfululizo wa mabomu. Kuku wa jirani waliacha kutaga. Kisha macho yakawa mekundu, akayafikicha mpaka kope zikavimba. Kisha, na hapo mzaha wangu wote ulikuwa ukiisha, kifua kikaanza kupiga filimbi. Ilikuwa inakuja alfajiri. Nilikuwa nikiamka naisikia kupitia ukuta, filimbi nyembamba, ndefu, inakatika, halafu hakuna kitu. Katika ile nafasi ya kutokuwepo kitu nilikuwa nikiketi kitandani na mikono kwenye magoti, nikingoja irudi. "Mama mudogo," aliniambia asubuhi moja, akiwa amekaa wima kwa sababu kulala hakukuwezekana, "kifua yangu iko na kandege." Nikacheka ili acheke. Kisha nikaenda jikoni nikashika meza kwa mikono miwili.

Mwaka uliotangulia alikuwa ameugua hivyohivyo, wakati uleule, yaya alinieleza, ila kidogo. Mwaka huu ilizidi. Alikosa shule siku mbili, akakosa wiki, akarudi, akakosa tena. Mwalimu wake aliniita akaniambia kwa upole kwamba mtoto ana akili lakini akili haifanyi mtihani ikiwa nyumbani. Na hapo ndipo Nkambo Ngoie alipoingia. Nkambo alikuwa mama wa baba yake Naomi. Aliishi kando ya ziwa Tshangalele, na kila baada ya wiki mbili alikuja Likasi na magunia ya samaki kavu wa kuuza sokoni, akilala katika chumba cha Naomi kwenye kitanda cha pili, magunia yakiwa miguuni pake. Alikuwa mwanamke mfupi, mzito, mwenye sauti ya chini. Watu wenye kelele kama mimi huogopa watu wa sauti ya chini.

Jumamosi moja nilikuwa nyuma ya nyumba nakoroga bukari, na wao wawili, yaya na Nkambo, walikuwa ndani, dirisha likiwa wazi. Sikutega sikio, sikio langu lilijitega lenyewe. Nkambo alikuwa akisema: "Adèle, mi sina neno na weye. Lakini mutoto ni wa mwana wangu. Vakansi ya shule ikifika na kifua kingali vile, minye nabeba mutoto. Kule kuko upepo ya maji. Atapona."

"Na shule, mama?"

"Shule bila pumuzi ni nini?"

Yaya akauliza: "Na Sera? Nilimuita hapa juu ya mutoto."

"Sera atarudia Kakanda na weye, akusaidie ku kupika. Iko na nguvu."

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Nilitakiwa nimwogopee mtoto, na nilimwogopea, Mungu ni shahidi. Lakini jambo la kwanza nililoliona mbele ya macho yangu, sitadanganya, lilikuwa benchi langu likiwa tupu nyuma ya mgongo wa fundi matofali. Nimeishi miaka mingi na aibu ya ule mpangilio, benchi kwanza, mtoto baadaye, hata kama ulikuwa wa nukta moja tu. Siku ile bukari iliungua, na hiyo kwangu ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho.

Nikampeleka Naomi kwenye zahanati. Mganga wa pale, ambaye sote tulimwita docta ingawa alikuwa muuguzi, alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akauliza ni miezi gani inampata, akaniambia: "Haiko malaria, haiko mapafu. Ni aleji. Kuko kitu chenye kinamuchokoza mu huu musimu, na pengine kiko ndani ya nyumba. Nitakupa dawa, lakini dawa pekee haitoshe. Utafute kile kitu. Na ule muda wote, safisha chumba chake muzuri." Nilitoka pale nimenyanyua kichwa. Nilikuwa nimepewa vita, na silaha ya vita hiyo nilizaliwa nayo mkononi. Kwetu msichana hupimwa kwa ufagio kabla hajapimwa kwa kitu kingine. Lupango, yaani ua wa nyumba, isiyo na mistari ya ufagio saa kumi na mbili asubuhi ni habari itakayofika sokoni kabla yako.

Basi nikafagia. Asubuhi kabla ya Naomi kuamka, mchana akiwa shuleni, jioni kabla ya mimi kwenda shuleni. Nilifagia mpaka sementi ikaanza kuniomba msamaha. Na kwa kuwa docta alisema nitafute kitu, nikawa mpelelezi. Nilianza na salon, sebule ya yaya, fahari ya nyumba: mapazia mazito ya rangi ya divai, makochi ya mahameli, na vitambaa vya kroshe juu ya kila kitu kisichoweza kukimbia. Niling'oa mapazia. Nilivua makochi vitambaa. Paka wa kwetu, mnyama asiye na deni na mtu, nikampeleka kwa binamu wa fundi matofali. Maua ya plastiki, niliyaosha, kisha nikayatoa kabisa. Yaya aliporudi Jumamosi alisimama mlangoni na kikapu kichwani. "Sera, banatuibia?"

"Hapana, yaya. Ni juu ya kifua."

"Basi uniachie ata kiti, nikalie ile kifua."

Alicheka, lakini nilimwona akichungulia chumba cha mtoto, akisikiliza, na kicheko kikamtoka usoni taratibu. Naomi hakuwa amepata nafuu. Alikuwa amezidiwa. Nilikuwa nimeng'oa nusu ya nyumba, na kandege kalikuwa kakiimba kwa sauti kubwa zaidi.

Hofu humfanya mtu amtafute mwenye kosa, na mimi nilimpata karibu. Nkambo alipokuja tena, nilimngojea mlangoni kabla hajatua mzigo. "Nkambo, samahani. Ile magunia ya samaki isiingie tena mu chumba ya mutoto. Inatoa vumbi. Inatoa harufu. Docta alisema tuondoshe kila kitu chenye kinachokoza." Docta hakuwa ametaja samaki. Nilimtia samaki kinywani docta wa watu.

Nkambo alitua mzigo. "Hii samaki," akasema, "njo ilisomesha baba ya huyu mutoto."

"Najua, Nkambo."

"Alilalaka juu ya hii magunia akiwa mudogo kuliko huyu. Hakukohoa."

"Najua. Lakini Naomi si baba yake."

Nkambo aliyaburuta magunia yake mwenyewe mpaka barazani, akakataa mkono wangu, akayafunika kwa plastiki, akakaa kando yake kama mtu anayekesha na mgonjwa. Mvua ya mwisho mwisho ilinyesha alfajiri ile, ya upepo, ikaingia barazani. Asubuhi nusu ya samaki walikuwa wamelowa. Aliwaanika tena juani. Wiki mbili baadaye alileta mto wake mwenyewe, na mimi nikasema mto pia una vumbi, na mto ukaenda barazani. Mama Gode aliyatazama haya yote kutoka kwenye lupango yake, mikono kiunoni. "Sera, ukimaliza kufukuza vitu, utafukuza na bantu," akaniambia. "Unipe fagio yako nifagie kwangu, yangu imeisha." Nami nikamwambia sina ufagio wa ziada, nikijua ninazo nne.

Hapa lazima nieleze habari za fagio zetu, kwa msomaji asiyezijua. Ufagio wa nje ni wa vijiti, mgumu. Ufagio wa ndani ni wa majani yaleyale yanayozunguka mji: wanawake huyakata yakiwa yametoa maua, hufunga vichwa vyake pamoja na kamba ya gome au mpira, na hapo una kitu laini kama mkia, kinachochukua hata unga uliomwagika. Msimu huo zinauzwa kila kona, mpya, zikinuka pori. Ufagio mpya kwanza hupigwa ukutani, pa, pa, pa, mpaka uache kutoa makapi. Mimi nilikuwa nikiupiga kwenye ukuta wa baraza, chini ya dirisha la Naomi, kwa sababu hapo palikuwa na kivuli. Kwa namna nilivyofagia, ufagio haukudumu wiki. Kwa hiyo nilikuwa na akiba. Na kwa kuwa Mama Gode akiona ufagio anaona wa kwake, akiba yangu niliificha mahali ambapo hata yeye hangeinamia: chini ya kitanda cha mtoto mgonjwa.

Msomaji ameshaelewa. Mimi sikuelewa. Nilikuwa na miaka ishirini na nilikuwa msafi.

Zilibaki wiki chache kabla ya mtihani na vakansi. Nilikuwa nimeacha kula, jambo ambalo wanaonijua hawataliamini. Nilikuwa nikimtazama Naomi akitafuna na kuhesabu pumzi zake kwa vidole chini ya meza. Siku moja, nikimsuka nywele, aliniuliza, "Mama mudogo, kule kwa Nkambo, kuko bibliki?" Bibliki ndivyo alivyoita kitabu chochote chenye picha. Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi utanitumia yako yenye iko na mifupa." Alimaanisha kitabu changu cha biolojia. Alikuwa ameshasikia yote. Sikio lake nalo lilikuwa la ukoo wetu.

Jioni hiyohiyo prof wetu wa biolojia, kijana mwembamba aliyevaa suti moja kwa uaminifu, alikuwa akifundisha namna mimea inavyozaa. Fundi matofali aliuliza, kwa heshima zote, hiyo inamsaidia nini mtu anayejenga kuta. Darasa likacheka. Prof hakukasirika. Alitazama huku na huku akitafuta ua, hakuna ua. Akaona ufagio wa darasa umeegemea pembeni, mpya, ulioletwa wiki ile. "Baba," akamwambia fundi, "unajua hii ni nini?"

"Ni fagio, prof."

"Hapana. Ni maua elfu yenye yalifungwa kamba." Akatandika daftari la jalada jeusi juu ya meza, akaugonga ufagio juu yake mara mbili. Tukainama wote. Juu ya lile jalada jeusi kulikuwa na unga wa manjano, mwembamba kuliko unga wa ngano, mwingi. Akaupuliza kidogo, ukapanda hewani ndani ya mwanga wa dirisha, ukakaa pale, haukutaka kushuka. "Hii njo mbegu ya kiume ya majani," akasema. "Inasafiri na upepo. Bengine bakivuta hii, pua inakataa, kifua inafunga." Mama mmoja wa nyuma akapiga chafya, na darasa likacheka tena.

Mimi sikucheka. Niliona chumba cha Naomi. Niliona mimi mwenyewe, mara tatu kwa siku, milango imefungwa ili vumbi lisitoke, nikipepea ule unga juu ya shuka lake, juu ya mto wake, na zile nne chini ya godoro, ikipumua kuelekea juu. Niliona mkono wangu ukipiga ukutani, pa, pa, pa, chini ya dirisha. Niliondoka darasani bila ruhusa na kuacha daftari langu. Jua lilikuwa bado halijazama, na nilikimbia kutoka pale mpaka Panda kwa kasi ambayo, kama mji wetu ungekuwa na haki, ungenipa medali. Watu walisimama kando wakiuliza nani amekufa.

Nilizitoa fagio zote tano, zile nne na ule niliokuwa nikitumia, kwa kuzifunika ndani ya shuka lililolowa, nikazitupa katika shimo la choo. Mama Gode, aliyekuwa ukumbini kwake na Naomi, aliniona nikizitumbukiza, shuka likidondosha maji. "Sera! Unatupa fagio? Za muzima?"

"Docta alisema."

"Huyu docta," akasema Mama Gode, "anasemaka mingi."

Kuanzia siku ile nilifanya kazi nyingine. Ndoo ya maji na kitambaa, magoti sakafuni, taratibu, bila kurusha kitu. Maji ya bomba yalikuja alfajiri tu, kwa hiyo nilipanga foleni kwa ndoo mbili zaidi. Nilipangusa ukuta, vyuma vya kitanda, kingo za dirisha. Dirisha lenyewe nililifunga asubuhi upepo ulipokuwa ukitoka majanini, nikalifungua baadaye. Shuka niliacha kuzianika juu ya ua wa nyuma ambako zilikuwa zikipokea kila kinachopita, nikazining'iniza salon, juu ya yale makochi uchi. Naomi akirudi shuleni alivua nguo mlangoni, nikamwosha uso na nywele kabla hajagusa kitanda. Alilalamika kwamba anaoshwa kama muhogo. Siku ya tatu alilala kichwa kikiwa chini. Siku ya tano niliamka alfajiri nikasikiliza ukuta, sikusikia kitu, nikakimbia chumbani nikidhani amekufa. Alikuwa amelala mdomo wazi, mkono mmoja umening'inia. Nilikaa sakafuni pale mpaka kukapambazuka kabisa. Majani yalikuwa yanaelekea kukauka pia, sitasema ni mimi tu. Msimu nao ulikuwa umechoka. Lakini siku tano ni siku tano.

Alifanya mtihani. Sifa zikaanza. Yaya alinikumbatia mpaka mbavu zikalia. Mama Gode alishuhudia kanisani kwake kuhusu msichana aliyepigana na kifua kwa usafi na kushinda. Mimi niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, na kwa siku kadhaa nilikuwa mtu maarufu kuliko meya. Kusema kweli kungenigharimu nini? Nilijua vizuri. Yaya angeuliza, je, mtoto wangu aliteseka miezi miwili kwa mkono wako? Na Nkambo, aliyelowanishiwa samaki wake kwa uongo, angekuwa na sababu mpya ya kumbeba mtoto, bora kuliko ile ya kwanza. Nikajiambia ukweli umeshakwenda chooni pamoja na fagio. Nikanyamaza, mimi, ambaye sijawahi kunyamaza hata nikiwa na homa.

Jumamosi ya kufunga shule Nkambo alifika mapema, kabla yaya hajarudi. Hakuwa na magunia. Alikuwa na mzigo mmoja mrefu, umefungwa ndani ya kitenge chake kizuri. Alipita moja kwa moja mpaka chumba cha Naomi, akaketi kitandani na mtoto kando yake, akaniita. "Sera. Niliambiwa mutoto amepona. Mi nilikukasirikia, nasema kweli. Nilisema huyu binti ananifukuza mu nyumba ya mwana wangu. Kumbe ulikuwa unapiganisha kifua." Alianza kufungua kitenge. "Sasa kwetu, mutu akikufanyia muzuri, haumupe maneno. Nilikata mwenyewe, kule kando ya maji, kwenye inakuwaka laini. Nilifunga mwenyewe."

Zilikuwa fagio sita. Sijapata kuona nzuri kama zile, vichwa vyake vimejaa, vimefungwa kwa kamba iliyosukwa kama nywele. Aliziweka kitandani, karibu na mapaja ya Naomi, na kwa kuwa ni mwanamke anayejua kazi, alichukua mmoja akaupiga kidogo kwenye kiganja ili nione ulivyo laini. Niliuona ule unga ukipanda. Naomi akapiga chafya. Akapiga tena. Mara ya nne akashika shingo kwa mkono, akanitazama mimi, si Nkambo.

"Nkambo, toa!" Nilikuwa nimeshamnyakua mtoto. "Toa hizo! Ni zenyewe!"

"Zenyewe nini?"

"Njo zenyewe zilikuwa zinamugonjesha. Fagio. Haikuwa samaki. Haikuwa mto yako. Nilikuwa nazificha hapa chini, chini ya mugongo yake, na kumufagilia mara tatu kwa siku. Ni minye, Nkambo. Ni minye nilikuwa namufunga kifua, na nikakuwekea weye makosa. Docta hakusema samaki. Nilidanganya."

Nilisema yote haya nikiwa mlangoni, Naomi amenikaa kiunoni ingawa alikuwa mkubwa, miguu yake ikining'inia. Nkambo alikusanya fagio zake moja moja, bila haraka, akazifunga tena ndani ya kitenge, akakaza fundo, akazitoa nje mpaka nyuma ya ukuta wa lupango. Nilimsikia akirudi. Naomi, chafya zikimwisha, akaniambia, "Mama mudogo, unanitikisa."

"Yaya yako anajua?" Nkambo akauliza.

"Hapana."

"Nani anajua?"

"Weye na huyu mutoto tu."

"Ungenyamaza, ningejua?"

"Hapana, Nkambo."

Alivua viatu vyake. Alipandisha nguo yake juu ya magoti, akafunga kiunoni, akapiga magoti sakafuni pale ule unga ulipoanguka, mwanamke wa umri ule, akaweka kiganja kwenye sementi. "Lete maji," akasema. "Na kitambaa. Unionyeshe vile unafanyaka sasa." Tulipangusa chumba chote pamoja, yeye upande wa mlango, mimi upande wa dirisha, tukabadilisha maji mara tatu. Tulipokutana katikati, alikuwa akihema na uso umelowa, sikujua ni jasho tu au vipi, na sikuuliza. Yaya alipoingia jioni na kikapu chake akamkuta Nkambo amekaa amenyoosha miguu, aliuliza kwa woga, "Mama, basi mutabeba mutoto kesho?"

"Vakansi ikiisha mutoto iko na shule hapa," Nkambo akasema. "Na mulezi wake pia iko na shule. Mi nilikuja tu kusalimia."

Aliondoka Jumapili baada ya misa, kwa lori la wauza samaki lililosimama barabarani juu ya kambi. Tulimsindikiza, yaya, mimi na Naomi. Alipanda mbele kando ya dereva, mikono imekunjwa, hakuaga kwa maneno mengi. Lori liliponguruma na kuanza kwenda, Naomi aliponyoka mkono wangu akalikimbilia, akipunga, akipiga kelele za jina la bibi yake, na vumbi jekundu likainuka likammeza mpaka kichwani. Nilipiga yowe afunike pua. Hakusikia. Nikasimama katikati ya barabara na mkono kifuani mwangu, kifua changu mimi, nikingoja. Vumbi lilishuka polepole. Kwanza nikaona viatu vyake vya shule, halafu soksi, halafu gauni. Alikuwa ameinama, mikono kwenye magoti, akihema. Akanyanyua uso uliopakwa udongo wote isipokuwa meno.

"Mama mudogo," akaita, "nilikaribia kuipita ile lori!"

Na akaanza kukimbia tena, kuja kwangu.